Ufa Mmoja Kati ya Arobaini

Ukurasa wa maswali ya wasomaji: maji ndani ya mwamba

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchoronga visima na kazi hii naijua. Juzi tulichimba visima viwili, kila kimoja mita 60, na kutoka kimoja hadi kingine ni hatua kumi na tano tu. Cha kwanza kilitoa vumbi hadi mwisho. Cha pili, tulipogusa mita 41, maji yakaruka. Baadaye akaja mtaalamu na ramani ya kompyuta, eneo zima limepakwa buluu moja, anasema upenyevu wa mwamba hapo, yaani wepesi wake wa kupitisha maji, ni uleule kotekote. Nimwamini nani, kompyuta au vumbi lililonijaa machoni?

JIBU: Fundi, liamini vumbi lako. Ila usimtupe na mtaalamu, kwa sababu inawezekana nyote wawili mnasema kweli na kinachowagombanisha ni swali, si jibu.

Mezani kwangu kuna mche wa mwamba wa urefu wa mkono kuanzia kiwikoni, wa itale la kijivu, uliotolewa mzima ardhini na mashine ya kuchoronga. Ulikuwa kwenye sanduku lenye mita tatu za mwamba huohuo. Nilikaa nalo alasiri nzima nikihesabu nyufa, nikafika arobaini. Nyingine zilikuwa nyembamba kama unywele, nyingine zimejaa udongo wa mfinyanzi uliokauka, nyingine zimezibwa na madini meupe kama mshono wa kidonda kilichopona. Ufa mmoja tu ndio uliokuwa na kutu ya rangi ya kahawia pande zote mbili. Kutu ile ni alama ya njia: maji yenye hewa yamepita hapo miaka na miaka. Thelathini na tisa zilizobaki zipo, zinahesabika, lakini hazipitishi kitu, au zinapitisha kidogo mno. Kisima chako cha kwanza kilikutana na zile thelathini na tisa. Cha pili kilikutana na ule mmoja.

Kwa nini ufa mmoja uzishinde zote? Hapa kuna kanuni moja ambayo ningependa kila anayeshughulika na miamba aijue kama anavyojua jina lake. Maji yanayopita kati ya kuta mbili zinazotazamana hayaongezeki sawasawa na upana wa nafasi. Yanaongezeka kwa upana huo uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Ufa ukiwa mpana mara mbili, unapitisha mara nane. Ukiwa mpana mara kumi, unapitisha mara elfu moja. Kwa hiyo ufa mmoja wa milimita 1 unapitisha maji sawa na nyufa 1,000 za sehemu moja ya kumi ya milimita. Chukua ufa huo wa milimita 1, wenye kuta laini, maji yakishuka mita 1 kwa kila mita 100: kila mita ya urefu wa ufa itakupa takriban lita 700 kwa siku. Ule wa sehemu moja ya kumi, mahali palepale, utakupa chini ya lita moja. Kuta za nyufa za kweli si laini, zinagusana hapa na kuachana pale, kwa hiyo namba halisi hushuka, lakini tofauti ya mara nyingi kiasi hicho haiondoki.

Kwenye mgodi wa zamani wa chuma wa Stripa, Sweden, miaka ya 1980, watafiti walifunika dari la handaki kwa mamia ya karatasi za plastiki, kila moja ikikinga matone ya sehemu yake ndogo. Ni itale, mamia ya mita chini ya ardhi, limejaa nyufa. Ungetegemea matone kila mahali. Badala yake maji mengi yalidondoka kwenye sehemu chache tu, na maeneo makubwa ya dari yakabaki makavu. Hata ndani ya ufa mmoja maji hayaenei kama shuka, hufuata vijia. Hicho ndicho ulichokiona wewe, isipokuwa wewe ulikitazama kupitia tundu la inchi sita.

Sasa turudi kwenye buluu ya mtaalamu. Ili kompyuta ihesabu mwendo wa maji, inakata ardhi katika vipande kama matofali, na kila tofali linapewa namba moja ya upenyevu. Kwenye mchanga hilo halina shida, kwa sababu tofali dogo kama kiberiti lina maelfu ya chembe na wastani wake unafanana na wa jirani. Kwenye mwamba wa nyufa, tofali dogo ama limepitiwa na ule ufa mmoja ama halikupitiwa, na jirani zake wawili wanaweza kutofautiana mara milioni. Ili wastani utulie unahitaji tofali la makumi ya mita, na kuna miamba ambayo haitulii hata ukifika hapo. Mtaalamu amechukua tofali kubwa. Ukimuuliza eneo lote linaweza kutoa maji kiasi gani kwa mwaka, buluu yake inaweza kukujibu vizuri. Ukimuuliza uweke mashine wapi kesho asubuhi, ramani hiyo haina jibu, naye hakupaswa kukuacha udhani inalo.

Nina ombi kwako. Unapochoronga, andika kina ambacho mashine ilishtuka au kuzama ghafla, rangi ya vumbi ilipobadilika, na ukubwa wa maji katika kila kina yalipoongezeka. Usiandike tu “maji, mita 41”. Andika na pale ambapo hapakuwa na kitu. Kisima kikavu kimebeba habari sawa na chenye maji, na nimeona ripoti nyingi mno ambamo visima vikavu vimefutwa kana kwamba havikuchimbwa. Modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayoiga ardhi, ikilishwa visima vyenye maji peke yake itaamini kwamba ardhi yote ina maji.

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya maji. Kisima chetu kimechimbwa kwenye mwamba na kimepimwa kwa pampu, matokeo mazuri. Sasa kuna mpango wa kuweka dampo la taka umbali wa mita 100, upande wa juu. Waliopima wametuandikia kwamba uchafu utachukua karibu miaka saba kufika kisimani. Wajumbe wengine wameridhika. Mimi silali. Niwaulize nini?

JIBU: Mwenyekiti, waulize swali hili, neno kwa neno: “Kwenye hesabu yenu mmeweka uvinyweleo wa asilimia ngapi, na mmeupata wapi?” Uvinyweleo ni sehemu ya ujazo wa mwamba iliyo nafasi wazi. Kisha nyamaza usubiri.

Acha nikuonyeshe kwa nini nakuambia hivyo. Hesabu ni ya penseli na karatasi. Tuseme kipimo cha pampu kimeonyesha kwamba mwamba wenu unapitisha mita 1 kwa siku. Hiyo maana yake, mteremko wa maji ungekuwa mita moja kwa kila mita moja, kila mita ya mraba ya mwamba ingepitisha mita moja ya ujazo kwa siku. Mteremko wenu ni mdogo, tuseme mita 1 kwa kila mita 100. Basi kinachopita ni sehemu moja ya mia: sawa na safu ya maji ya sentimita 1 kwa siku.

Lakini maji hayapiti kwenye mwamba mzima. Yanapita kwenye nafasi zilizo wazi tu, kwa hiyo lazima yakimbie zaidi ili kiasi kilekile kipite. Kama ardhi ni mchanga wenye nafasi za robo nzima, asilimia 25, maji yanakwenda sentimita 4 kwa siku. Mita 100 zitachukua siku 2,500, karibu miaka saba. Nadhani namba hiyo umeitambua.

Sasa chukua kipimo kilekile cha pampu, mteremko uleule, lakini ardhi ni mwamba ambao nafasi zake ni nyufa peke yake. Nyufa zikiwa sehemu moja ya elfu ya ujazo wote, yaani asilimia 0.1, na hilo ni jambo la kawaida kabisa, maji yanakwenda mita 10 kwa siku. Mita 100 ni siku kumi. Pampu haikuweza kukuonyesha tofauti hii, kwa sababu pampu inapima kiasi cha maji, haipimi mwendo wa tone moja. Miaka saba na siku kumi zinatoka kwenye kipimo kimoja.

Sikuambii haya kutoka kitabuni. Miaka kadhaa nyuma nilipewa kazi inayofanana na yenu. Niliweka uvinyweleo wa asilimia 15 kwa sababu ndiyo namba iliyokuwa mkononi mwangu kutoka mradi wa mchanga, nikaandika: umbali wa mita 70, muda miezi minane. Nilitia saini. Kisha, kwa kusisitizwa na mwenzangu aliyekuwa na wasiwasi kama wako, tulimwaga kwenye shimo la uchunguzi rangi ya kijani inayong'aa, ile isiyodhuru, inayotumika kufuatilia maji. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Tulipanga kuchukua sampuli mara moja kwa wiki. Kijana wa sampuli akaanza kuchukua kila saa, kwa bidii yake tu. Siku ya pili, saa kumi na moja jioni, aliinua chupa juani akaniita. Maji yalikuwa na ukijani hafifu, kama jani changa likitazamwa upande wa nyuma. Saa 32. Nilirudia hesabu usiku ule, ikaniambia nafasi za kweli hazikufika hata asilimia 0.1. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika muda wa safari ya maji kwenye mwamba wa nyufa bila kutia rangi kwanza, na sikubali kusaini ya mtu mwingine asiyefanya hivyo.

Kuna mahali ambapo jambo hili lilihusiana na maisha ya watu. Mei 2000, katika mji wa Walkerton, jimbo la Ontario, Kanada, mvua kubwa iliingiza vijidudu vya samadi kwenye kisima kifupi kilichochimbwa katika mwamba wenye nyufa. Watu 7 walifariki na zaidi ya 2,000 waliugua. Klorini haikuwa ikitiwa wala kupimwa inavyotakiwa, na uchunguzi ulilisema hilo waziwazi. Lakini mwamba nao ulikuwa na sehemu yake. Modeli iliyotengenezwa baadaye kwa kuuchukulia mwamba ule kama mchanga ilionyesha maji yakitembea polepole. Wataalamu walipotia vitu vya kufuatilia, wakakuta yanakwenda kasi mara nyingi zaidi.

Kuna upande wa pili, nao nakuomba uupeleke kikaoni. Mwamba ulio kati ya nyufa si mfu. Una vinyweleo vidogo sana vilivyojaa maji yaliyosimama. Uchafu unaopita kwenye ufa hujipenyeza polepole humo ndani, kama chumvi inavyoingia kwenye nyama iliyolowekwa. Hapo mwanzo hilo linasaidia: sehemu ya uchafu inabaki njiani na kinachofika kisimani ni kidogo kuliko kilichoondoka. Lakini dampo likishaondolewa na ufa ukaanza kupitisha maji safi, mwamba unaanza kuurudisha uchafu ule, kidogo kidogo, kwa miaka mingi kuliko ilivyochukua kuingia. Kwa hiyo anayekwambia “tukiona tatizo tutaliondoa dampo” hajaelewa mwamba wake. Unaharibika kwa siku na kusafishika kwa miongo.

Dai mtihani wa rangi kabla ya uamuzi wowote. Dai ufanyike pampu ikifanya kazi, na ufanyike msimu wa mvua pia, maana maji yanapopanda hukutana na nyufa za juu ambazo kiangazi zilikuwa kavu. Na sampuli zichukuliwe kila saa siku za mwanzo.

SWALI: Ninaandika tasnifu ya shahada ya pili. Nimejenga modeli ya bonde moja kwa MODFLOW, programu ya kompyuta ya kuhesabu mwendo wa maji ya ardhini, na vimo vya maji vinavyohesabiwa vinalingana na visima 14 nilivyopima, tofauti haifiki nusu mita. Msimamizi wangu anasema bado hajaiamini. Mwamba ni wa nyufa. Je, nianze upya na modeli ya nyufa mojamoja?

JIBU: Usianze upya bado. Fanya jaribio dogo jioni ya leo. Chukua modeli yako, gawa upenyevu wote kwa mbili, na kiasi cha mvua inayozama ardhini nacho kigawe kwa mbili. Iendeshe. Ikiwa ni modeli ya hali tulivu isiyobadilika na muda, haina pampu, na mipaka yako ama ina kimo kisichobadilika ama haipitishi maji, vimo vya maji vitatoka vilevile, visima vyote 14. Gawa kwa kumi, vilevile. Vimo vya maji vinakupa uwiano wa hivyo viwili, havikupi kimoja wala kingine. Msimamizi wako analijua hilo, na nakuomba umshukuru.

Dawa yake si visima zaidi. Dawa yake ni kupima mtiririko: chemchemi inatoa lita ngapi kwa sekunde, mto unaongezeka kiasi gani kutoka daraja hili hadi lile wakati wa kiangazi. Kipimo kimoja kizuri cha chemchemi kinaweza kukufaa kuliko visima kumi vya ziada. Ndoo, saa na subira vinatosha kwa chemchemi ndogo.

MODFLOW, tangu Idara ya Jiolojia ya Marekani ilipoitoa mara ya kwanza mwaka 1984, imejengwa juu ya kanuni ya Henry Darcy, mhandisi wa mji wa Dijon, Ufaransa, aliyepitisha maji kwenye nguzo za mchanga na kuchapisha matokeo yake mwaka 1856: ongeza tofauti ya kimo mara mbili, maji yanaongezeka mara mbili. Alitafuta namna ya kuchuja maji ya mji. Kanuni yake ni nzuri, na hufanya kazi hata kwenye nyufa maji yakiwa na mwendo wa taratibu. Kinachovunjika kwenye mwamba wako ni lile wazo la kwamba kuna wastani mmoja.

Kati ya mchanga na ufa mmojammoja kuna njia ya kati, nayo watu huiruka. Mwaka 1960 watafiti Barenblatt, Zheltov na Kochina, huko Urusi ya Kisovieti, walipendekeza kuwa kila mahali ardhini pawe na vitu viwili kwa wakati mmoja: nyufa zinazopitisha na mwamba unaohifadhi, na maji yabadilishane kati yao. Mwaka 1963 Warren na Root wakaichora kama vipande vya sukari vilivyopangwa, nyufa zikiwa mianya kati yake. Ukiwa na kipimo cha pampu cha siku kadhaa, tazama mchoro wa kushuka kwa maji: yanashuka, kisha yanakaribia kutulia, kisha yanashuka tena. Pale yanapotulia, mara nyingi ni mwamba unazilisha nyufa. Ukiona umbo hilo, usilipake rangi kwa kuongeza mto ambao haupo. Nimeona tasnifu zikifanya hivyo ili mstari ulingane.

Modeli ya nyufa mojamoja ni kazi nyingine. Hujui kila ufa ulipo, kwa hiyo unachora maelfu ya nyufa za kubuni zenye mielekeo, ukubwa na wingi unaofanana na ulivyopima kwenye miche na kwenye miamba iliyo wazi. Kisha unachora upya, na upya, mara mamia, na jibu lako linakuwa mtawanyiko badala ya namba moja. Ndivyo wanavyofanya Sweden na Finland wanapochunguza mwamba wa kuzikia taka za nyuklia. Kama tasnifu yako inauliza bonde linatoa maji kiasi gani, hiyo ni kazi bure. Kama inauliza uchafu kutoka hapa utafika pale lini, huna budi kuifikiria, na hapo visima 14 bila mche hata mmoja havitakutosha. Niandikie tasnifu inauliza nini. Hukuniambia.

SWALI: Je, ni kweli chini ya ardhi kuna mito inayotiririka?

JIBU: Kwa kawaida hapana. Maji mengi ya ardhini yamo kwenye nafasi ambazo huwezi kuingiza hata pini, na hutembea sentimita au mita chache kwa siku. Penye mawe ya chokaa ni tofauti: maji ya mvua yenye asidi kidogo huyeyusha kuta za nyufa, ufa ukipanuka unapitisha zaidi, ukipitisha zaidi unayeyuka zaidi, hadi panakuwa na pango na mto wa kweli. Kama kisima chako au chemchemi yako hubadilika rangi baada ya mvua kubwa, niandikie, na unitajie inachukua saa ngapi.